Vifaa vya kupunguzia dawa za sonona: kipi kinakufikisha mwisho, kipi kinakuacha njiani

Mtu akitaka kupunguza dawa ya sonona, kifaa cha kwanza anachoelekezwa ni kikata vidonge, na mara nyingi ndicho pekee. Kikata ni kizuri mwanzoni mwa safari, wakati kazi bado nyepesi. Kinashindwa kwenye dozi ndogo za mwisho, na hapo ndipo wengi hupata kizunguzungu, kukosa usingizi na mishtuko ya kama umeme kichwani. Tumevipima vifaa vinavyopatikana kwa swali moja: je, kinaweza kumfikisha mtu salama kutoka dozi ndogo ya kiwandani hadi sifuri?

Kwanza ieleweke kwa nini dozi za mwisho ndizo ngumu, maana bila hilo mtu atanunua kifaa kisichomfaa. Dawa za kundi la SSRI (fluoxetine, sertraline, citalopram, escitalopram, paroxetine) huziba protini inayorudisha serotonini ndani ya seli za neva. Uzibaji huo hauendi sambamba na miligramu. Mwaka 2019, Mark Horowitz na David Taylor walieleza jambo hili katika jarida la Lancet Psychiatry, wakitumia vipimo vya picha za ubongo. Citalopram 20 mg huziba takriban asilimia 80 ya protini hizo. Ukipanda hadi 40 mg unaongeza kama asilimia 5 au 6 tu. Ukishuka, 9 mg bado inaziba asilimia 70, 5.4 mg asilimia 60, 3.4 mg asilimia 50, 2.3 mg asilimia 40, 1.5 mg asilimia 30, 0.8 mg asilimia 20, na hata 0.37 mg inaziba asilimia 10.

Sasa chukua mpango uliozoeleka: 20, kisha 10, kisha 5, kisha basi. Hatua ya kwanza inapunguza uzibaji kwa kama asilimia 10. Ya pili inazidi kidogo tu. Hatua ya tatu, ile ya kutoka 5 mg hadi sifuri, inaangusha karibu asilimia 60 kwa mkupuo. Ni ngazi ambayo kidato chake cha mwisho kina kimo cha ghorofa nzima. Mgonjwa anaugua, daktari anaona ugonjwa umerudi, dozi inarudishwa juu, na mtu anaaminishwa kwamba hawezi kuishi bila dawa. Inaumiza, kwa sababu mara nyingi kilichokosekana ni njia ya kupima 3 mg, kisha 2 mg, kisha 1 mg.

Kabla ya kununua chochote

Mpango wa kupunguza unapangwa na daktari aliyeandika dawa au kliniki ya afya ya akili. Wakati unaofaa ni pale mtu amekaa vizuri kwa muda: mwongozo wa kawaida ni kuendelea na dawa angalau miezi 6 baada ya kupona, na zaidi ya hapo kwa aliyeugua mara kadhaa. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa hisia mbili (baipola), mwenye kifafa, au aliyewahi kujaribu kujiua asianze bila kukaa na daktari. Pia si busara kuanza mwezi wa msiba, wa kufukuzwa kazi au wa kuhama nchi.

Kuacha kuna hatari yake. Utafiti wa ANTLER wa Uingereza, uliotoka mwaka 2021, uliwafuatilia watu waliotumia dawa kwa muda mrefu na wakajisikia tayari kuacha. Ndani ya wiki 52, asilimia 56 ya waliopunguziwa hadi kuacha walirudiwa na sonona, dhidi ya asilimia 39 ya walioendelea. Kwa hiyo wapo ambao uamuzi sahihi kwao ni kubaki na dawa, na hawajashindwa kitu.

Kuhusu dalili za kuacha, uchambuzi mkubwa wa mwaka 2024 ulikadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita au saba hupata dalili zinazotokana na kuacha dawa yenyewe, na mmoja kati ya 35 hivi huzipata kwa ukali. Wakosoaji walisema tafiti nyingi zilizojumuishwa zilihusu watu waliotumia dawa kwa muda mfupi, na hoja hiyo ina uzito. Aliyetumia miaka mitano ajipange kwa tahadhari kuliko aliyetumia miezi mitatu. Paroxetine na venlafaxine (dawa nyingine ya sonona) ndizo zenye sifa mbaya zaidi, kwa sababu hutoka mwilini haraka: paroxetine hupungua nusu kwa takriban saa 21, venlafaxine kwa saa 5 hivi.

Kikata vidonge

Kiboksi cha plastiki, wembe kwenye kifuniko, na kitako chenye umbo la V cha kushikilia kidonge. Kwa kidonge chenye mstari katikati kinatoa nusu mbili zinazotumika. Kikiwa na wembe uliokaa imara na unaoshuka wima, ni kifaa kizuri kwa bei yake. Chenye wembe unaocheza kinaponda badala ya kukata, na unga unaobaki kwenye wembe ni sehemu ya dozi yako.

Nusu mbili mara nyingi hazilingani, lakini hilo lina dawa rahisi. Kata kidonge kimoja, meza nusu leo na nusu nyingine kesho; kipande kikubwa kitafidia kidogo. Kosa la kawaida ni kukata pakiti nzima siku moja na kuchanganya vipande kwenye kopo. Hapo unaweza kula vipande vikubwa siku nne mfululizo, halafu vidogo siku nne, na ukashangaa kwa nini wiki moja ni nzuri na nyingine mbaya. Vilevile vipande vilivyokaa wazi huvuta unyevu, hasa kwenye joto la pwani.

Robo ndiyo mwisho wa uwezo wake, na hata robo hazitegemeki. Chini ya hapo ni makombo.

Kuna dawa ambazo kikata hakipaswi kuzigusa kabisa: kidonge chochote chenye herufi XR, ER, SR au CR, pamoja na desvenlafaxine. Hizo zimetengenezwa kuachia dawa polepole. Ukizikata, kiasi cha siku nzima kinaweza kuingia kwenye damu kwa saa chache, kisha usiku ukabaki bila kitu.

Hukumu yetu: nunua kwa ajili ya hatua ya kwanza na ya pili. Usitegemee kwa mwisho.

Bomba la sindano, bila sindano

Hiki ndicho kifaa tunachokipa alama za juu kuliko vyote, na ndicho rahisi kupatikana kuanzia Kigoma hadi Mombasa. Unahitaji mabomba mawili: la ml 10 kwa dozi kubwa, na la ml 1 lenye mistari ya 0.01 kwa dozi za mwisho. Sindano itolewe na kutupwa salama. Ukipata bomba maalumu la kunyweshea dawa kwa mdomo ni bora zaidi, kwa sababu haliingiliani na sindano hata kwa bahati mbaya.

Epuka bomba la insulini. Limepigwa alama za yuniti, ambapo yuniti 100 ni ml 1, na mengi yana sindano isiyotoka. Mtu aliyeambiwa 0.4 akisoma yuniti 4 atameza sehemu moja ya kumi ya dozi.

Njia yenyewe ni kukisambaratisha kidonge ndani ya maji. Vidonge vya kawaida vya citalopram, escitalopram na sertraline hukubali. Ni matumizi yaliyo nje ya maelekezo ya mtengenezaji, kwa hiyo mfamasia athibitishe kwanza kwamba kidonge ulichonacho, cha kampuni hiyo hiyo, kinafaa. Kwa citalopram 20 mg inakwenda hivi. Pima ml 20 za maji safi ya kunywa, yaani bomba la ml 10 mara mbili, uweke kwenye chupa ndogo safi yenye kifuniko. Tumbukiza kidonge. Subiri dakika kadhaa kisambaratike; kikikaidi, kiponde kwanza kati ya vijiko viwili vikavu na ukung'ute unga wote ndani ya chupa. Funga, tikisa kwa nguvu, vuta mara moja kiasi chako, kunywa. Kilichobaki kinamwagwa.

Sasa una mg 1 katika kila ml 1, na hesabu imekuwa nyepesi: 9 mg ni ml 9, 3.4 mg ni ml 3.4, 0.8 mg ni ml 0.8. Sertraline 50 mg inaingia kwenye ml 50, escitalopram 10 mg kwenye ml 10, na uwiano ni uleule. Ubaki kwenye uwiano huo mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Anayebadilisha kiasi cha maji katikati ya njia ndiye anayekosea mara kumi.

Mambo yanayoharibika, na sababu zake:

Maji yanabaki na ukungu mweupe. Hiyo ni kawaida; sehemu kubwa ya kidonge ni unga wa kujazia ambao hauyeyuki. Hatari iko kwenye kusubiri. Sertraline haiyeyuki vizuri, inaelea tu, na ukiacha chupa dakika moja baada ya kutikisa, dawa inaanza kutuama. Ukivuta juu unapata pungufu, ukivuta chini unapata zaidi. Tikisa na vuta papo hapo.

Bomba linasomwa vibaya. Dozi inasomwa pale ukingo wa mpira mweusi unapogusa ukuta wa bomba upande wa dawa. Mpira ukiwa na ncha iliyochongoka, ncha hiyo haihesabiwi. Shika bomba wima usawa wa macho. Povu likiingia, gongagonga kwa kidole, sukuma hewa itoke, vuta tena.

Tone linabaki kwenye mdomo wa bomba. Kwenye ml 9 halina maana, lakini kwenye ml 0.37 lina maana kubwa. Amua kama utasuuza bomba kwa maji na kunywa masuuzo, au hutasuuza, kisha fanya hivyo hivyo kila siku.

Kijiko cha chai kinatumika badala ya bomba. Vijiko vya jikoni vinatofautiana mno. Hata kwa siku moja ya dharura, hapana.

Ladha nayo isikutishe. Sertraline ni chungu na hutia ganzi ulimi. Kunywa juisi baada yake, na usile kitu cha moto hadi ganzi iishe.

Dawa za maji za kiwandani

Zikipatikana, zinashinda kazi ya nyumbani kwa usahihi, kwa sababu kila ml ina kiasi kilichopimwa na hukai unatikisa. Fluoxetine ya maji huja kama 20 mg katika ml 5, yaani 4 mg kwa ml. Paroxetine ni 10 mg katika ml 5. Escitalopram inayouzwa Marekani ni 1 mg kwa ml, rahisi kuliko zote kuhesabu, ilhali matone ya Uingereza ni 20 mg kwa ml, tone moja likiwa 1 mg. Tofauti hiyo ya mara 20 ni mtego kwa mwenye dada London na kaka Minneapolis wanaomtumia dawa kwa zamu. Soma chupa kila inapofika.

Mbili zina masharti ya pekee. Matone ya citalopram ya Uingereza (40 mg kwa ml) hufyonzwa vizuri kuliko kidonge: matone manne, yaani 8 mg, ndiyo sawa na kidonge cha 10 mg. Anayehama kutoka kidonge kwenda matone bila kujua hilo hupandisha dozi wakati anataka kuishusha. Sertraline nzito ya Marekani, 20 mg kwa ml, ina kilevi asilimia 12 na ni lazima izimuliwe kabla ya kunywewa, kwa maji, juisi ya machungwa, limonadi, soda ya ndimu au soda ya tangawizi pekee. Kifaa chake cha kudondoshea dawa kina mpira wa asili, hivyo mwenye mzio wa mpira asikitumie.

Kwa Mswahili aliyeko Uingereza, kuomba dawa ya maji kwa daktari wa familia si jambo la ajabu tena. Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Akili cha nchi hiyo kilitoa mwongozo wa wagonjwa wa kuacha dawa hizi mwaka 2020, na unataja dozi ndogo na dawa za maji waziwazi. Daktari akisita, mwonyeshe mwongozo huo. Afrika Mashariki dawa hizi za maji ni adimu, na hapo ndipo bomba na chupa ndogo vinapookoa.

Ukanda wa Uholanzi

Duka la dawa la Regenboog, katika kijiji cha Bavel, Uholanzi, hutengeneza kitu kinachoitwa ukanda wa kupunguzia. Ni roli ya vipakiti vidogo vya plastiki vilivyounganishwa, kimoja kwa kila siku, kwa siku 28. Kila kipakiti kimechapwa namba ya siku na dozi, na ndani mna kidonge kimoja au zaidi vinavyojumlisha dozi hiyo, vikiwemo vidonge vidogo ambavyo hakuna kiwanda kinachoviuza. Kila siku unachana kimoja. Dozi inashuka kidogokidogo bila wewe kupima chochote, na daktari anaweza kuagiza ukanda unaoshuka haraka, polepole, au usioshuka kabisa kwa ajili ya kupumzika.

Wazo lilikuzwa na Peter Groot pamoja na profesa wa magonjwa ya akili Jim van Os. Katika ripoti yao ya mwaka 2018, kati ya watumiaji 895 waliotaka kuacha dawa za sonona, asilimia 71 waliacha kabisa, nusu yao ndani ya siku 56 au pungufu. Ni matokeo ya kutia moyo, ila yasomwe kwa uangalifu: hapakuwa na kundi la kulinganisha, na majibu ni ya waliorudisha dodoso.

Kama bidhaa, hatujaona kilichofikiriwa vizuri kuliko hiki. Kinamfaa sana asiyeona vizuri, anayetetemeka mikono, au ambaye uchovu wa ugonjwa hauruhusu hesabu kila asubuhi. Udhaifu ni upatikanaji: kinahitaji cheti cha daktari, kinatoka duka moja, na hata Uholanzi kwenyewe kampuni za bima zimebishana sana juu ya kukilipia. Kwa aliyeko Dodoma au Kisumu, gharama na forodha vinakiweka mbali.

Jambo moja la kuiga bila kununua: mwombe mfamasia akusaidie kuandika kalenda ya siku 28 yenye ml za kila siku, uibandike kabatini, na uchore mstari kila unapokunywa.

Mizani ya miligramu

Mizani za mfukoni zinazoonyesha gramu 0.001 zinauzwa sana mtandaoni. Zinapima uzito wa kidonge chote, si wa dawa iliyomo. Tuseme kidonge chenye 20 mg za dawa kina uzito wa mg 160: mg 1 ya dawa ni mg 8 za unga. Mizani ya bei nafuu ikiyumba kwa mg 3 kila upande, dozi yako ya mg 1 inaweza kuwa 0.6 au 1.4. Feni ikipiga, namba inacheza. Betri ikichoka, inadanganya. Kwa dozi za juu inavumilika. Kwa dozi za mwisho bomba linaipita mbali. Hatupendekezi.

Kapsuli zenye chembe

Venlafaxine ya kutoa polepole na duloxetine huwa na chembe ndogo za mviringo ndani ya kapsuli. Hapa hakuna kuyeyusha wala kuponda: ngozi ya kila chembe ndiyo inayolinda dawa. Njia inayotumika, kwa kibali cha daktari, ni kufungua kapsuli, kumwaga chembe kwenye karatasi nyeupe iliyokunjwa, kutoa idadi fulani, na kurudisha zilizobaki ndani ya kapsuli. Hesabu chembe za kapsuli kadhaa kwanza upate wastani, kwani idadi hubadilika, na kampuni tofauti huweka idadi tofauti kabisa. Baadhi ya venlafaxine zina vidonge vichache vidogo badala ya chembe, na hizo ni rahisi zaidi kugawa. Ni kazi ya kuchosha macho, lakini kwa mtu wa venlafaxine mara nyingi ndiyo njia pekee iliyopo.

Fluoxetine na amitriptyline, za hospitali zetu

Hizi ndizo zinazokutwa zaidi kwenye hospitali za umma Afrika Mashariki, na kila moja ina tabia yake.

Fluoxetine hutoka mwilini polepole sana. Kwa aliyeizoea hupungua nusu kwa siku 4 hadi 6, na zao lake mwilini hukaa zaidi ya hapo. Ndiyo dawa pekee kati ya hizi ambayo kuruka siku kunakubalika: kapsuli ya 20 mg siku moja ndiyo siku moja hapana hufanya kazi karibu na 10 mg kila siku. Usiige mtindo huo kwa sertraline, escitalopram au paroxetine. Kwa hizo, kuruka siku ni kujipa dalili za kuacha dawa mara tatu au nne kwa wiki. Upande wa pili wa fluoxetine ni kwamba dalili zinaweza kuchelewa wiki kadhaa, hivyo mtu anapunguza tena akidhani yuko salama. Acha wiki 4 kamili kati ya hatua.

Amitriptyline ikikatishwa ghafla huleta kichefuchefu, jasho, kuumwa kichwa na usingizi wa mang'amung'amu. Kutoka 75 mg hadi 50, kisha 25, vidonge vya kawaida vinatosha. Baada ya hapo tafuta vidonge vya 10 mg. Vidonge vinavyobaki virudishwe kwa mfamasia, kwa sababu amitriptyline ikizidi huua kwa kuvuruga moyo, na vidonge vyake vya rangi huvutia mikono ya mtoto.

Kutambua dalili, na la kufanya

Dalili za kuacha dawa huanza ndani ya siku chache baada ya kushusha dozi (isipokuwa fluoxetine), na huja na mambo ya mwili ambayo hukuwa nayo wakati unaugua sonona: kizunguzungu unapogeuza shingo, mishtuko ya umeme kichwani macho yakisogea, ndoto kali, jasho, hasira za ghafla. Sonona inayorudi huja taratibu, baada ya wiki au miezi, ikiwa na sura ileile ya zamani. Kipimo kingine: ukirudi dozi ya awali, dalili za kuacha mara nyingi hupoa ndani ya siku moja hadi tatu, sonona haitibiki kwa kasi hiyo.

Kwa hiyo daftari ni sehemu ya vifaa. Andika tarehe, dozi, saa ya kunywa, saa za kulala, na alama ya 0 hadi 10 kwa dalili mbili au tatu zinazokusumbua. Kaa kila hatua wiki 2 hadi 4. Dalili zikiwa za kuvumilika, subiri zitulie kabla ya kushuka tena. Zikikushinda, rudi hatua moja nyuma, tulia, kisha shuka kwa nusu ya hatua iliyokuangusha. Hatua nane za citalopram tulizotaja, kwa wiki 4 kila moja, ni zaidi ya miezi saba, na wapo wanaohitaji zaidi.

Kutotulia kwa kiwango cha kushindwa kukaa chini, mawazo ya kujiua, au kuona na kusikia visivyokuwepo si vya kusubiri kliniki ya mwezi ujao. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na mtu wa nyumbani aende nawe. Mirembe Dodoma, Mathari Nairobi na Butabika Kampala ni za kazi hii, lakini idara ya dharura ya hospitali yoyote ya rufaa inapokea.

Virutubisho vinavyouzwa mtandaoni kwa jina la kusaidia kuacha dawa hatukuvipa nafasi. Kimoja kati yao, mmea wa St John's wort, ni hatari ukichanganywa na dawa hizi kwa sababu serotonini inaweza kupanda kupita kiasi. 5-HTP, kirutubisho kingine, iwekwe kundi hilo. Tramadol, ambayo watu hunywa kwa maumivu ya mgongo bila kuuliza, nayo huongeza hatari hiyo na ya degedege. Pombe ya kutafutia usingizi huharibu usingizi wenyewe kabla ya alfajiri.

Hesabu ya dawa utakazohitaji

Wengi hudhani dozi ikishuka, pakiti itadumu zaidi. Kwa njia ya maji haiko hivyo. Hata unapokunywa ml 0.8, umetumia kidonge kizima, maana kilichobaki kimemwagwa. Hatua ya wiki 4 inahitaji vidonge 28, iwe ya kwanza au ya mwisho. Daktari aandike cheti kwa hesabu hiyo, la sivyo mfamasia ataona 0.8 mg na kukupa vidonge viwili vya mwezi. Kwenye hatua za chini omba vidonge vya 10 mg na uviweke kwenye ml 10: uwiano ni uleule, gharama inapungua. Omba pia kampuni ileile mwezi hadi mwezi, na uwe na akiba ya angalau wiki mbili nyumbani, kwa sababu dawa kuisha dukani ni njia ya haraka kuliko zote ya kujikuta umeacha ghafla bila kupanga.